Joto Kidogo, Mapema: Jinsi ya Kuzuia Umande Kwenye Darubini Ukiwa Songea

Miezi mizuri ya kutazama nyota Songea ni ile ya kipupwe, Mei hadi Agosti. Mvua imekwisha, na moshi wa mashamba yanayochomwa haujajaa hewani kama unavyojaa Septemba na Oktoba. Katikati ya Julai, kati ya saa 3 na saa 5 usiku, buruji za Nge na Mshale hupita karibu na utosi zikiwa zimebeba kitovu cha Njia ya Maziwa. Mtazamaji wa London au Berlin hukiona kitovu hicho kikitambaa chini kabisa, kwenye upeo wa macho. Wewe wa Lizaboni au Ruhuwiko, hapa Songea, unacho juu ya kichwa.

Usiku huohuo, kabla hata saa 5 haijafika, nyota angavu huanza kuzungukwa na duara la mwanga hafifu. Nebula za Mshale zinafifia moja baada ya nyingine. Unadhani wingu jembamba limepita, unainua macho, unakuta anga ni safi. Ukiimulika lenzi ya mbele kwa tochi kutoka ubavuni, utaona ukungu mweupe umetanda kioo chote. Huo ni umande. Wengi hapo hufunga vifaa wakaenda kulala, nami naona ni hasara kubwa, kwa sababu dawa yake ni joto kidogo sana, linaloweza kutoka kwenye rezista 12 na pawabanki ya simu.

Joto hilo liwe dogo, lianze mapema, na lidhibitiwe. Ukikosea lolote kati ya hayo matatu, ama kioo kitalowa, ama picha ya nyota itaharibika kwa namna nyingine.

Anga ndiyo inayopoza kioo

Kwa karne nyingi watu waliamini kwamba umande hunyesha kutoka juu kama mvua nyembamba. Daktari William Charles Wells, mzaliwa wa Charleston nchini Marekani aliyefanya kazi London, aliweka vifungu vya sufu nje usiku na kuvipima uzito asubuhi. Sufu iliyokuwa wazi kwa anga ilikusanya maji mengi, na ile iliyowekwa chini ya ubao ilipata kidogo. Mwaka 1814 alichapisha kitabu chake kuhusu umande, akieleza kwamba kitu hupoa kwanza kwa kutoa joto lake kuelekea angani, ndipo mvuke uliomo hewani unapogeuka maji juu yake.

Ushahidi wa Wells unauona Songea kila asubuhi ya Juni. Gari lililolala uwanjani limelowa kioo cha mbele, na lililolala chini ya mwembe ni kavu, ingawa hewa iliyoyazunguka ni ileile. Wakulima wa kahawa wa Mbinga hufunika kahawa iliyoanikwa kwenye vichanja jioni inapoingia. Kifuniko kile hakiipashi kahawa joto, kinaizuia tu isitazamane na anga.

Darubini, kwa kazi yake, ni kioo kinachotazamana na anga. Katika usiku mkavu usio na wingu, kioo kilicho wazi hupoteza takriban wati 60 hadi 100 kwa kila mita moja ya mraba, baada ya kutoa joto linalorudishwa na anga yenyewe. Lenzi ya milimita 100 ina eneo dogo sana, chini ya mia moja ya mita ya mraba, kwa hiyo inapoteza kati ya nusu wati na wati moja tu. Ikumbuke hesabu hiyo, maana ndiyo sababu huhitaji jiko la umeme. Na kadiri unavyoielekeza darubini utosini, ndivyo kioo kinavyoona sehemu kubwa zaidi ya anga iliyo baridi. Kwa bahati mbaya, sehemu ya anga iliyo tamu kuliko zote kwa mtu wa Songea, yaani Nge na Mshale, iko hukohuko juu.

Watazamaji waliokusanyika Rujewa mkoani Mbeya tarehe 1 Septemba 2016 kutazama jua likipatwa kwa umbo la pete hawakuwa na shida hii, kwa kuwa kioo kilichoelekea jua huwa na joto la kutosha. Ni usiku ndipo mambo hugeuka.

Jua kiwango cha umande kabla hujapanga vifaa

Hewa ya joto fulani hubeba mvuke hadi kikomo fulani. Ikipozwa, inafika mahali haiwezi tena kuubeba wote, na jotoridi la mahali hapo ndilo kiwango cha umande. Chupa ya soda ikitoka kwenye friji hulowa nje kwa sababu iko chini ya kiwango hicho. Lenzi nayo ikishuka chini yake, hata kwa nusu nyuzi, italowa.

Kukipata kiwango chenyewe si kazi. Nunua kipima joto na unyevu cha kidijiti, kile kidogo wanachotumia wenye mashine za kutotolesha vifaranga. Soma jotoridi, soma unyevu kwa asilimia. Toa unyevu kwenye 100, gawa jibu kwa 5, kisha punguza matokeo kutoka kwenye jotoridi. Hewa ikiwa nyuzi 14 na unyevu asilimia 80: 100 toa 80 ni 20, gawa kwa 5 ni 4, kwa hiyo kiwango cha umande ni karibu nyuzi 10. Kanuni hii ni ya kukadiria, na hufanya kazi vizuri unyevu ukiwa zaidi ya asilimia 50.

Sasa tazama kinachotokea usiku wa Julai. Saa 2 usiku hewa ina nyuzi 16 na unyevu asilimia 70, kiwango cha umande ni nyuzi 10, una nafasi ya nyuzi 6. Saa 5 hewa imeshuka hadi 12 na unyevu umepanda hadi asilimia 90. Kiwango cha umande ni kilekile 10, lakini nafasi imebaki nyuzi 2, na kioo kilichotazamana na anga hupoa chini ya hewa iliyokizunguka kwa nyuzi 2 au 3 bila taabu. Kwa hiyo kipimo cha kuangalia ni ile tofauti kati ya hewa na kiwango cha umande. Ikifika nyuzi 4, mkanda wa joto, yaani ule wa rezista tutakaoutengeneza hapa chini, uwe tayari unafanya kazi.

Kipima joto chako nacho kikiwekwa wazi juu ya meza kitapoa kwa kutazama anga na kukudanganya. Kiweke chini ya meza, mahali hewa inapopita.

Yanayofanyika bila umeme

Chagua mahali. Hewa baridi ni nzito, huteremka na kukusanyika mabondeni, ndiyo maana ukungu wa alfajiri unajaza bustani za bondeni huku vilima vya Matogoro vikiwa wazi. Simamisha darubini kwenye mteremko au mwinuko mdogo, mbali na majani marefu, ambayo hutoa mvuke. Upepo mwepesi ni rafiki, kwa sababu unakirudishia kioo joto la hewa. Usiku uliotulia kabisa ndio wenye umande mwingi.

Kisha tengeneza kofia ya lenzi, yaani bomba linaloendelea mbele ya darubini ili kioo kione kipande kidogo tu cha anga. Urefu wake uwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya kipenyo cha lenzi: kwa lenzi ya milimita 100, sentimita 15 hadi 20. Mkeka wa mazoezi wa sponji unafaa kuliko vyote, kwani ni mwepesi, haunyonyi maji na unazuia joto kutoroka. Ukunje, ufunge kwa mkanda wa kunatisha, upande wa ndani uwe mweusi usiong'aa. Boksi la karatasi linaweza kukuokoa usiku mmoja, lakini hulowa na kulegea. Hakikisha kofia haikati ukingo wa picha.

Kofia peke yake hukuongezea saa moja, pengine mbili. Mnamo Agosti, hewa inapoanza kukauka, inaweza kutosha usiku mzima. Juni haitoshi.

Kioo kipi kipashwe joto

Darubini ya lenzi hulowa mbele, na mkanda hufungwa kwenye bomba, usawa wa ile pete ya chuma inayoishika lenzi. Ufungwe chini ya kofia. Ukiufunga juu ya kofia utaipasha sponji joto bure.

Darubini fupi nene zenye kioo chembamba mbele na tundu katikati ya kioo kikuu, kama zile za Celestron na Meade, ndizo zinazoteseka zaidi, maana kioo kile kiko mdomoni kabisa na ni chembamba. Mkanda wake uzunguke ukingo wa mbele wa bomba, karibu kadiri inavyowezekana.

Darubini ya vioo, aina ya Newton, ina nafuu: kioo kikuu kiko chini ya bomba refu, na bomba lenyewe ni kofia. Kinacholowa ni kioo kidogo cha juu, ambacho mgongo wake unatazama anga. Rezista 2 au 3 zilizobandikwa kwenye kishikizo chake, si juu ya kioo chenyewe, zinatosha. Pitisha nyaya nyembamba sambamba na mhimili mmoja wa kishikizo ili zisikate mwanga.

Usiisahau lenzi ya jicho. Hiyo hulowa kwa pumzi na kwa unyevu wa jicho lako. Nusu wati inatosha. Wengine huziweka lenzi za akiba mfuko wa ndani wa koti na kuzibadilisha kila baada ya muda, na njia hiyo inafaa kabisa. Darubini ndogo ya kulengea nayo hulowa mapema, na ikilowa hutapata kitu chochote hata kama darubini kubwa ni kavu.

Kwa wenye Galileoscope, ile darubini ya kuunganisha mwenyewe yenye lenzi ya milimita 50 iliyotengenezwa kwa ajili ya Mwaka wa Kimataifa wa Astronomia wa 2009: bomba lake ni la plastiki, na plastiki haisambazi joto kama chuma. Rezista 4 zikiwa karibu sana na lenzi zinatosha. Usizidishe.

Kutengeneza mkanda

Napendelea volti 5 za pawabanki kuliko volti 12 za betri kwa mtu anayeanza. Hakuna cheche za kutisha, chaja unayo nyumbani, na ukikata waya kwa bahati mbaya gizani pawabanki nyingi hujizima zenyewe.

Nunua rezista za ohmu 82, za nusu wati. Rangi zake ni kijivu, nyekundu, nyeusi, kisha mstari wa dhahabu. Kila moja ikiwekwa kwenye volti 5 hutoa joto la karibu wati 0.3, chini ya uwezo wake, kwa hiyo haiungui. Kwa lenzi ya milimita 100, ambayo bomba lake lina mzingo wa sentimita 36 hivi, unahitaji 12 zilizopangwa kila baada ya sentimita 3. Zote pamoja hutoa wati 3.7 na hula ampea 0.73.

Zigawe katika makundi mawili ya sita sita, moja ya kundi la kwanza, moja ya kundi la pili, zikipishana hivyo hadi mwisho, ili ukiwasha kundi moja joto lienee mzunguko wote. Waya mmoja wa hasi uunganishe miguu ya upande mmoja ya rezista zote. Upande wa pili weka nyaya mbili za chanya, kila kundi na wake na swichi yake. Kundi moja hukupa wati 1.8, yote mawili, 3.7. Kwa usiku mwingi wa Songea kundi moja na kofia vinatosha, na la pili ni la ule usiku ambao majani yanalowa saa 2.

Miunganiko ichomewe kwa risasi. Kama huna chombo cha kuchomelea, fundi redio au fundi simu yeyote wa mjini ataifanya kazi hiyo kwa muda mfupi ukimchorea. Kusokota waya kwa mkono hakufai hapa, kwa sababu umande unaingia, shaba inashika kutu, na mkanda unakufa katikati ya usiku. Nyaya za chanya na hasi zisigusane popote. Weka tepu ya umeme kwenye kila muunganiko. Laza rezista juu ya ukanda wa kitambaa kigumu, zifunike kwa kitambaa kingine, shona kingo. Upande wa nje ongeza ukanda mwembamba wa sponji ile ya mkeka, joto lielekee ndani kwenye chuma. Ncha zifunge kwa mkanda wa kunatisha, kama wa viatu vya watoto. Ukate waya mbovu wa kuchajia simu na kuitumia ncha yake ya USB: ndani yake nyekundu kwa kawaida ni chanya na nyeusi ni hasi, lakini pima kwanza kwa mita ya fundi.

Kabla ya kuchomeka, pima ohmu. Kundi moja lisome karibu 13.7, yote mawili karibu 6.8. Ukisoma sifuri au karibu na sifuri, nyaya zimegusana, usiunganishe. Ukisoma kubwa kuliko hapo, kuna rezista iliyoachia. Kisha washa na uache dakika 20 mezani huku ukiugusa kila baada ya muda. Mkanda uwe wa uvuguvugu. Ukikulazimisha uondoe mkono, kuna kosa.

Pawabanki ya 10,000 mAh hubeba nishati ya wati-saa 37. Toa zinazopotea ndani yake, zinabaki 30 hivi. Yote mawili yakiwaka unapata saa 8, kundi moja saa 16. Usiku wote umeumaliza.

Mwenye darubini ya milimita 200 anahitaji nguvu zaidi, na hapo betri ya volti 12 inafaa, iwe ya sola au ya pikipiki. Tumia rezista za ohmu 470, manjano, zambarau, kahawia, ambazo kwa volti 12 hutoa wati 0.3 ileile kila moja. Kwa mzingo wa sentimita 72 weka 24: wati 7.3, ampea 0.6. Betri ya asidi ya 7 Ah usiimalize. Tumia nusu, nayo itakupa saa 5 kwa nguvu zote na zaidi ya 10 kwa nusu ya nguvu. Weka fyuzi ya ampea 2 karibu kabisa na ncha ya chanya ya betri, bila kubishana. Betri hiyo haijizimi kama pawabanki. Nyaya zikigusana zitayeyuka na zinaweza kuwasha moto.

Kudhibiti

Joto likizidi, hewa ndani ya bomba na mbele ya lenzi huanza kupanda na kuzunguka, na kioo chenyewe kinakuwa na joto lisilo sawa kati ya ukingo na katikati. Nyota inavimba, inatetemeka, wakati mwingine inachukua umbo la pembetatu. Pete za Zohali zinapoteza ukali. Mtu hulaumu hali ya hewa kumbe ni mkanda wake.

Lengo ni kukiweka kioo nyuzi 2 au 3 juu ya kiwango cha umande. Huhitaji kukifanya kiwe cha moto sana kuliko hewa. Katika mfano wetu wa saa 5, hewa nyuzi 12 na kiwango cha umande 10, kioo cha nyuzi 12 au 13 kiko salama kabisa. Unachofanya ni kukirudishia kile ambacho anga inakinyang'anya.

Njia ya kwanza ni swichi mbili nilizoeleza. Njia ya pili ni kidhibiti cha mwanga wa taa za LED, kile chenye kitufe cha kuzungusha, kinachouzwa kwenye maduka ya umeme. Kinawasha na kuzima mkondo mara nyingi kwa sekunde, na ukizungusha kitufe unabadili muda wa kuwaka, kwa hiyo hakipotezi nguvu kama rezista ya kupunguza umeme ingepoteza. Angalia maandishi yake: vingi ni vya volti 12, vichache vinakubali 5. Anza na theluthi. Baada ya kila badiliko subiri dakika 15 kabla ya kubadili tena, maana kioo ni kizito na hujibu polepole. Jaribio zuri ni nyota angavu juu sana, kwa lenzi ya jicho yenye kukuza zaidi. Ukiongeza joto na nyota ikaanza kuchemka, rudi nyuma hatua moja.

Njia ya tatu ni kompyuta ndogo ya Arduino, na mwalimu wa fizikia mwenye klabu ya sayansi shuleni asiiache, kwa sababu ndani yake kuna somo zima la joto, mvuke na umeme. Kihisi cha DHT22 kinasoma jotoridi na unyevu wa hewa; kihisi cha DS18B20 kinabandikwa kwenye pete ya lenzi; transista ya MOSFET ndiyo inayofungua na kufunga mkondo wa mkanda. Programu inakokotoa kiwango cha umande kwa ile kanuni ya kugawa kwa 5, inakitoa kwenye jotoridi la kioo, kisha inaamua: tofauti ikizidi nyuzi 3, mkanda uzimwe, ikiwa chini ya nyuzi 1, uwake wote, kati ya hapo, nguvu iongezwe kadiri tofauti inavyopungua, ikiwa nusu pale tofauti inapokuwa nyuzi 2.

Mahali pa kihisi cha kioo ndipo panapoharibu mifumo mingi. Kikibandikwa chini ya mkanda kitasoma mkanda, kitaona joto tele, kitazima, na lenzi italowa huku skrini ikikuonyesha kwamba yote ni salama. Kiweke mbele ya mkanda, kwenye pete yenyewe, na ukifunike kwa kipande cha sponji. Tena vihisi vya unyevu vya bei hii hukosea kwa asilimia 2 hadi 5, na kosa la asilimia 5 ni karibu nyuzi nzima kwenye kiwango cha umande. Ndiyo maana kikomo cha kuzima ni nyuzi 3, si 1. Ukitumia pawabanki, usiweke muda mrefu wa kuzima kabisa: nyingi huona hakuna anayekula umeme, zikalala, na haziamki mpaka uzibonyeze.

Umande ukishaingia

Usifute. Si kwa kitambaa, si kwa kanga safi, si kwa karatasi laini. Juu ya kioo kuna vumbi, na vumbi la Songea lina mchanga mkali. Ukifuta unalisugua kwenye tabaka jembamba linalopunguza mng'ao wa lenzi, na kwenye kioo cha alumini unaikwangua alumini yenyewe. Alama hizo hazitoki.

Washa mkanda kwa nguvu zote, shusha mdomo wa darubini uelekee ardhini, usubiri dakika 20 hadi 30. Kukausha kioo kilicholowa kunataka joto kubwa kuliko kukizuia kisilowe, kwa hiyo usiku mwingine washa mapema. Wenye draya ya saluni huitumia kwa joto la chini, kutoka mbali, na inafanya kazi kwa dakika chache kabla umande haujarudi. Lakini draya ya umeme wa nyumbani na waya mrefu kwenye majani yaliyolowa ni hatari kwa uhai wako, siipendekezi. Moto wa mkaa usiukaribishe kabisa: kioo hupasuka kwa joto la upande mmoja, na moshi huacha mafuta juu yake.

Ukimaliza, kama vioo ni vikavu, funika darubini hukohuko nje na uifunge ndani ya begi lake kabla ya kuingia ndani. Hewa ya chumba ina mvuke wa pumzi na jiko, na kioo cha nyuzi 11 kikiingia humo wazi kitalowa papo hapo. Iache ndani ya begi hadi asubuhi. Kama vioo vimelowa, fanya kinyume: ingiza ndani bila vifuniko, mdomo ukitazama chini kidogo, iache hadi ikauke yenyewe. Kufunika kioo kilicholowa ni kuotesha kuvu, na kuvu hula tabaka la lenzi na kuacha michoro kama mizizi. Usiianike juani: lenzi iliyoelekea jua huwasha moto, na mtoto akichungulia anapofuka.

Masika ni kazi nyingine. Kuanzia Novemba mwishoni hadi Aprili, hewa ya Songea ina unyevu mchana na usiku, na darubini iliyofungwa kabatini huota kuvu bila hata kuona anga. Iweke kwenye sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika vinavyokuja kwenye mabegi na viatu vipya. Vifuko hivyo hujaa maji. Vile vyenye rangi hubadilika, na ndipo unapovikausha kwenye sufuria juu ya moto mdogo sana hadi rangi irudi. Mara moja kwa wiki, siku isiyo na mvua, toa lenzi nje ya sanduku kwa saa moja kivulini, na uwashe mkanda dakika 10 ili ujue kama bado uko mzima.